Bibi Pindo na Mshono wa Nyonga

Bibi yangu ameshona nguo miaka hamsini, na mtaa mzima unamwita Bibi Pindo, kwa sababu hawezi kuliona pindo la mtu asiligeuze kulikagua. Amewahi kumsimamisha bwana harusi mlangoni. Kwa hiyo alipoteleza kwenye kipande cha satini, akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji, nilipaswa kujua nini kitafuata. Sikujua.

Siku ya pili nilimkuta ameinua ukingo wa bandeji kwa kidole.

"Mjukuu wangu, hebu njoo uone. Huyu daktari kaacha nafasi kubwa mno kati ya nyuzi. Angekuwa mwanafunzi wangu, angefumua!"

Muuguzi wa zamu akaingia wakati huohuo. Ni dada mpole, ila siku hiyo upole ulimwishia.

"Bibi! Hicho kidole kimetoka kushika nini?"

Bibi akafikiri. "Meno," akasema. Alimaanisha yale ya bandia, yaliyokuwa kwenye glasi.

Kidonda kikasafishwa na kufungwa upya. Kisha muuguzi akanivuta kando: ndani mna chuma kilichounga mfupa, vijidudu vikikifikia vinang'ang'ania, na huenda bibi akapasuliwa tena. Kwa umri wake, huo si mchezo. Nilipandwa na hasira, nikamgombeza bibi mbele ya wodi nzima. Naona haya mpaka leo.

Tangu hapo akageuka askari. Hakuna aliyemsogelea bila kunawa mikono kwa sabuni. Shangazi alipotaka kuketi kitandani, alifukuzwa: "Simama hukohuko, sketi hiyo imekalia viti vya watu!" Alipoambiwa avute pumzi ndefu ili mapafu yasipate maambukizi, alivuta kwa kishindo hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika. Kila asubuhi aliuliza joto lake kabla ya salamu.

Aliruhusiwa kwenda nyumbani, na siku ya kumi na nne tulirudi hospitali kutolewa nyuzi. Muuguzi yuleyule akaanza kubandua bandeji.

"Nishike mikono," bibi akaniambia. "Yote miwili."

Nilidhani ni utani. Nikaishika, ilikuwa ya baridi. Hakukitazama kidonda. Alinitazama mimi usoni.

"Pakavu kabisa," muuguzi akasema. "Pamefunga vizuri."

Nilitaka kumwachia, akazidi kunishikilia.

"Niliogopa sana, mjukuu wangu," alisema, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu.