Fundi wa Nyamisati na tanga alilolilegeza

Saa mbili asubuhi maji yanajaa Nyamisati, na Tamimu Abdulazizi amepiga magoti kando ya boti iliyopinduliwa juu chini. Mkononi ana msasa. Vumbi jeupe la faiba limemganda kwenye nyusi hadi anaonekana mzee kuliko miaka yake arobaini na minne. Anasugua ufa aliouziba jana, anaupapasa kwa kiganja, anasugua tena.

Abiria wa Mafia wanapita na mizigo yao kuelekea gatini. Wengi hawaiangalii boti. Macho yao yanakwenda kwenye ukuta wa banda, palipoegemezwa ubao mpana wa manjano, na kando yake tanga la plastiki inayopitisha mwanga.

"Wananiuliza ile ni boti ya nani," anasema. "Nawaambia si boti, ni ubao wa tanga. Unasimama juu yake, unashika tanga kwa mikono yako, unakwenda."

Hapa watu wanamjua kama fundi. Boti ikipasuka huletwa kwake, na mwezi ukiwa mzuri hupata kama laki nne. Wachache tu wanakumbuka kwamba aliwahi kuwafundisha wageni ubao wa tanga katika hoteli moja ya mashariki ya Unguja. Aliacha kwa sababu gani, hakuna aliyejua mpaka mwaka huu. Tamimu mwenyewe ndiye aliyeomba habari hii iandikwe.

Alikwenda Unguja mwaka 2004 pamoja na Faraji Husseini, kijana wa kijiji cha Mkongo waliyefahamiana Kibiti walipokuwa wakipakia magunia ya korosho kwenye malori. Hotelini walipewa kazi ya kuosha mbao za wageni na kuanika matanga. Faraji ndiye aliyejifunza kwanza, kwa kuiba dakika chache wageni walipokwenda kula. Kisha akamfundisha mwenzake.

"Kila nilichokijua ni yeye aliyenipa," anasema Tamimu. "Alinishika kiuno majini kama mtoto."

Mwaka 2009 mwalimu mkuu wa ubao aliondoka. Meneja akasema hataki maneno mengi: vijana wawili washindane kuzunguka maboya matatu, atakayetangulia ndiye atakayeshika nafasi. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umekolea. Kila mtu alijua atakayeshinda ni Faraji, na Tamimu alijua zaidi ya wote.

Mchana wa siku ya shindano Faraji alilifunga tanga lake tayari, akaliacha mchangani, akaenda kuswali adhuhuri. Tamimu alimwambia angeswali baadaye.

Tanga la ubao lina kamba ya chini, ambayo hulivuta kuelekea mguu wa mlingoti. Upepo ukiwa mkali kamba hiyo hukazwa sana, ili ukingo wa juu wa tanga ufunguke na kuupunguza upepo. Ikilegea, tanga hufanya tumbo, na mtu aliyelishika huvutwa na upepo wote kwa pamoja.

"Niliilegeza vidole vinne," anasema Tamimu, na anavinyanyua vidole vyenyewe, vimejaa vumbi. "Nilitaka achelewe tu. Nilifikiri litamsumbua mikono, atashika nafasi ya pili, yaishe. Kuanguka sikukufikiria."

Kwenye boya la pili upepo ulipiga kwa ghafla. Faraji alikuwa amejifunga kwenye tanga kwa mkanda wa kiunoni, hivyo hakuweza kuliachia. Lilimrusha mbele, bega likagonga mlingoti, na mfupa ukavunjika. Tamimu aliyekuwa nyuma yake alijitosa, akamshika kichwa juu ya maji mpaka boti ya uokoaji ilipofika.

Jioni hoteli nzima ilimsifu. Wiki iliyofuata akapewa nafasi ya mwalimu mkuu. Mfupa wa Faraji uliunga vibaya, na kabla mwaka haujaisha alirudi Mkongo kulima, mkono wake wa kulia haupandi tena kupita bega.

Tamimu aliimudu kazi miaka miwili. Anasema mshahara ulikuwa mzuri, na wageni walimpenda. Lakini kila asubuhi alipofunga matanga na mkono ukafika kwenye kamba ya chini, alilikumbuka boya la pili. Mwaka 2011 baba yake alipougua na kulazwa hospitali ya Mchukwi, alikuja kumuuguza. Baba alipona baada ya miezi miwili. Tamimu hakurudi Unguja, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ni kwa ajili ya mzee.

Alijifunza ufundi wa boti, akamwoa Mwanajuma, akapata watoto watatu. Kutoka Nyamisati mpaka Mkongo ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Kwa miaka hiyo yote hakuifunga safari hiyo.

Januari mwaka huu alivuka kwenda Mafia kutengeneza boti ya Bi Rukaya, mama mwenye nyumba ndogo ya wageni. Kazi ilipokwisha, mama yule alimfungulia stoo iliyojaa vifaa vya ubao wa tanga vilivyoachwa na mpangaji wa zamani. Akamwambia achague seti moja aende nayo, maana panya walikuwa wakizaliana humo.

Tamimu hakufikiri mara mbili. Alichukua ubao mdogo mwekundu, mwembamba mkiani, kama ule aliokuwa akipanda ujanani, na tanga kubwa la mita sita na nusu za mraba.

Siku ya kwanza majini, ubao ulizama chini yake mpaka magotini. Alilivuta tanga likaja nusu, likamwangusha. Akalivuta tena. Baada ya saa nzima mikono ilimwisha nguvu, maji yakaanza kutoka, na mkondo ukamsukuma hadi kwenye mizizi ya mikoko. Wakata miti ndio waliomrudisha kwa mtumbwi wao, yeye na ubao na tanga lake, juu ya mzigo wa boriti.

Mwanajuma alimkuta ameketi nyuma ya nyumba na nguo zake mbichi, akadhani ameumia. Ndipo Tamimu alipomweleza yote, kuanzia magunia ya Kibiti hadi vidole vinne.

"Nimekaa naye miaka kumi na miwili, na jina la Faraji sikuwahi kulisikia," anasema Mwanajuma. "Nilimwambia, mimi hukunikosea kitu. Aliyekosewa yuko Mkongo, na kwao unapajua."

Tamimu alikwenda Mkongo Machi, mvua imeanza. Kutoka Kibiti alipanda bodaboda iliyokwama kwenye tope mara tatu. Alimkuta Faraji shambani akipalilia mpunga kwa mkono wa kushoto. Walisalimiana, wakaulizana wazima na wagonjwa kama watu walioonana juzi. Kisha Tamimu akasema kamba ya chini aliilegeza yeye.

Faraji aling'oa majani, akayatupa kando.

"Najua," alisema. "Nilijua kabla sijafika boya la kwanza. Kamba ile niliifunga mwenyewe, na pale mchangani nilikuacha wewe."

Tamimu akamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyenishika kichwa nisizame. Nikaona nikungoje useme mwenyewe. Nilingoja mwaka wa kwanza, nikangoja wa pili, halafu nikaacha kungoja."

Tamimu alimwomba msamaha. Faraji alimjibu kwamba alikwishamsamehe zamani, ili yeye mwenyewe apate usingizi, lakini bega lenyewe bado halinyanyuki. Hakusema kwa hasira. Tamimu anasema mwenzake angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

Walikula pamoja, wakazungumza kidogo, na habari za stoo ya Mafia zikatajwa. Mgeni alipokuwa anaaga, Faraji alimuuliza amechukua ubao gani huko Mafia. Akaelezwa. Akauliza ana kilo ngapi siku hizi. Tamimu akasema themanini na mbili. Unguja alikuwa na sitini na tatu.

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, mwalimu wake wa zamani alionekana. Alimwambia ubao mwekundu aurudishe. Achukue mpana kuliko yote uliomo stooni, wenye ujazo wa lita mia na hamsini au zaidi, usiotikisika akisimama, na pezi refu la kuushika mkondo. Tanga lisizidi mita tano. Bomba la kushikia alifunge usawa wa bega. Kamba ya nyuma aivute kidogo tu, na mkanda wa kiunoni asiuguse mwezi mzima, mpaka mikono ikumbuke.

"Na kamba ya chini?" Tamimu aliuliza.

"Hiyo unaijua mwenyewe," alijibu Faraji.

Bi Rukaya hakuwa na neno, alimbadilishia. Tangu Mei, asubuhi za Ijumaa ambazo hana kazi, Tamimu hulisimamisha tanga dogo kwenye maji ya Nyamisati. Huikaza kamba ya chini, huifungua, huikaza upya, wakati mwingine mara tano. Sasa anakwenda na kurudi bila kuanguka, taratibu, huku watu wa gatini wakimtazama. Anakiri kwamba raha ya zamani haijarudi, na hana hakika kama anastahili irudi.

"Yeye ndiye alikuwa na kipaji," anasema. "Angekuwa mbali. Nikiwa juu ya ubao namuona yeye, si mimi."

Wiki ijayo atafunga banda kwa siku kumi. Mpunga wa Mkongo umeiva, na amemtumia Faraji ujumbe kwamba anakwenda kuvuna naye, mwaka huu na kila mwaka atakaojaliwa. Anatumaini siku moja Faraji atashuka Nyamisati akakae ufukweni amsahihishe, lakini hilo hajalitamka, na halitatoka kwake kwanza.

Ujumbe ulikaa siku nne bila jibu. Siku ya tano Faraji alipiga simu, kwa mara ya kwanza tangu waachane Unguja. Hakuuliza habari za ubao. Aliuliza kama Tamimu ana mundu.

"Ningeweza kumwambia ninao, nikanunua Kibiti nikipita," anasema Tamimu, na anaushika tena msasa. "Nikamwambia sina. Akasema, basi njoo, utatumia wangu."