Siku Niliyowaita Rafiki Zangu Wauza Uji

Mwanangu, kila ninapokata kucha za miguu, siku moja hunirudia hata kama sikuiita. Vidole viwili vya mguu wangu wa kulia viliota kucha upya zikiwa zimepinda, na watu wakiziona huniuliza kama nilikanyagwa na ng'ombe. Sikukanyagwa na ng'ombe. Nilikanyagwa na kiburi changu mwenyewe, tena nikiwa nchi ya watu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi uashi hapa Kasense, na nilikuwa mkimbiaji. Asubuhi nilikimbia kwenda kazini Sumbawanga mjini, jioni nikakimbia kurudi, upepo wetu wa Ufipa ukinisukuma kifuani kana kwamba umetumwa kunizuia. Katika mashindano ya huku, wenzangu hawakuujua uso wangu, walikijua kisogo. Sisemi hivyo kwa majivuno. Majivuno yenyewe yanakuja, subiri kidogo.

Nilikuwa na rafiki wawili. Salumu alitoka katika familia ya wenye duka na malori pale mjini, na mara kwa mara alisafiri na lori la mjomba wake kupeleka maharage Zambia. Yustina alikuwa fundi cherehani sokoni, tuliyekua naye nyumba jirani. Usinitazame hivyo. Yustina hakuwa mchumba wangu; aliolewa Namanyere, kwa bwana mmoja mrefu asiyejua kukimbia hata mvua ikinyesha.

Salumu ndiye aliyerudi safari moja na habari kwamba ng'ambo ya mpaka kutakuwa na marathoni, kilomita arobaini na mbili, kuanzia Mbala huko juu mpaka Mpulungu, bandarini, Ziwa Tanganyika. Alikuwa amekwisha kuniandikisha kabla hajaniuliza. Kuanzia hapo mbio zile hazikuwa zangu peke yangu. Kwa miezi mitatu Salumu alinifuata kwa baiskeli, akinisema kila nilipolegeza mwendo. Yustina alinishonea kaptula na fulana, na kila alfajiri alinipikia uji wa ulezi wenye karanga, mzito kiasi kwamba ulihitaji kutafunwa. Hata raba zangu za turubai, zilizokwisha kuizoea miguu yangu, ni yeye aliyezitia kiraka.

Nami nilikunywa, nikavaa, nikashukuru kwa mdomo. Moyoni nilijiambia kwamba anayekimbia ni mimi, wao wanatazama tu. Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji.

Tulivuka mpaka pale Kasesya tumekaa juu ya magunia ya maharage. Asubuhi ya mbio nilitangulia uwanjani peke yangu, nikiwaacha wenzangu wanachemsha uji. Lo, nilichokikuta huko! Vijana wa Lusaka na wa mbali zaidi, wamevaa viatu vya rangi ambazo sikuwahi kuziona hata kwa ndege wa Ziwa Rukwa. Mmoja, mwenye miwani ya jua, akaja kunisalimu. Tukazungumza kwa Kiingereza, mimi na changu cha darasa la saba, kilichotosha kwa salamu na hali ya hewa. Alizitazama raba zangu kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akasema ana jozi ya ziada kwenye begi, niiazime. Nilivijaribu vile viatu. Vilinibana vidole, lakini viling'aa. Nikazitupa raba zangu nyasini. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi methali hiyo nilikuwa nimeiandika shuleni na kupata vema.

Ndipo wakatokea rafiki zangu. Salumu alikuwa anasukuma baiskeli, na kwenye kibebeo amefunga dumu la njano la lita ishirini, limejaa uji wa kutosha harusi. Yustina alikuwa anapunga bango alilolishona kwa mifuko ya unga, limeandikwa KASENSE TUPO. Walikuwa wanaimba. Salumu hajawahi kuimba vizuri tangu azaliwe, na asubuhi ile aliimba kwa nguvu zote. Uwanja mzima uligeuka.

Yule kijana wa miwani akaniuliza, "Wale ni watu wako?"

Nilimwangalia yeye, nikaangalia viatu vyake miguuni kwangu, nikasema, "Siwajui. Ni wauza uji tu."

Nilisema kwa Kiingereza, nikidhani nimejificha. Nilisahau kwamba Yustina alisoma mpaka kidato cha nne.

Aliacha kuimba, akalikunja bango taratibu kama mtu anayekunja shuka la msibani. Yule kijana naye alifurahi sana kusikia kuna uji, kwa sababu alikuwa hajala kitu. Akawaita wenzake. Kufumba na kufumbua mstari ukapangwa mbele ya baiskeli, na Yustina akawa anawagawia vikombe, mmoja baada ya mwingine, bure, akiwatabasamia wote. Mimi niliona aibu kujipanga kwenye mstari ule. Filimbi ilipopigwa, dumu lilikuwa limekauka, na tumbo langu pia.

Kilomita kumi za mwanzo niliongoza. Usicheke, niliongoza kweli. Lakini ile njia, ikishaiacha Mbala, inashuka. Inashuka mpaka unajiuliza kama ziwa liko chini ya ardhi. Sisi wa huku juu tunajua kupanda na tunajua tambarare; kushuka kilomita baada ya kilomita ni elimu nyingine. Kila hatua vidole viligonga mbele ya kiatu. Joto la bondeni likanipokea. Njaa nayo ikaanza kuniuliza maswali. Kwenye kilomita ya thelathini hivi, yule kijana wa miwani akanipita akiwa mwepesi kabisa, amejaa uji wangu, akanipungia mkono kwa upendo.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Si kwamba niliamua. Miguu ndiyo iliyoamua.

Baada ya muda nikasikia breki za baiskeli zikilia. Ni Salumu, na Yustina amekaa nyuma amepakata dumu. Sijawahi kufurahia dumu kiasi kile. Nikanyoosha mkono nikasema, "Salumu, uji."

Salumu akasimama, akaweka mguu mmoja chini, akanitazama kwa adabu ile tunayompa mtu tusiyemfahamu.

"Pole, mteja," akasema. "Uji umekwisha."

Mwanangu, nililia. Mwanamume mzima, fundi wa kuinua kuta, nililia mbele ya akina mama waliokuwa wanapita na mihogo kichwani, nao wakatua mizigo yao ili watazame vizuri. Nikawaambia rafiki zangu kwamba nilisema uongo, kwamba wao ni watu wangu, na kwamba nilidanganywa na viatu.

Yustina akasema, "Sema kwa Kiingereza."

Nikasema. Kwa Kiingereza kile kile, chote nilichokuwa nacho, na nilipokwama Yustina alinisahihisha kama mwalimu, nikarudia. Akina mama wa mihogo hawakuelewa hata neno moja, lakini walitikisa vichwa kwa huruma. Hapo Salumu akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka baiskeli ikaanguka.

Yustina akaenda nyumba iliyokuwa karibu, akarudi na jagi la maji na viazi vitamu vya kuchemsha. Salumu alinivua viatu, na kucha mbili zikabaki humo ndani. Halafu Yustina akafungua bango alilolikunja, na ndani yake zilikuwamo raba zangu. Alikuwa ameziokota nyasini, baada ya yale niliyoyasema. Nilizivaa tu.

Kilomita zilizobaki nilizitembea zaidi kuliko kuzikimbia, Salumu akisukuma baiskeli ubavuni kwangu na kuimba vibaya. Tulipofika Mpulungu, waandaaji walikuwa wanakunja viti. Nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu alikuja mbuzi mmoja tu, naye hakuwa ameandikishwa.

Tulifikia kwa mama mdogo wake Yustina, Mama Nanyangwe, mjane aliyekuwa akikausha dagaa pale ziwani. Ni Mmambwe, na Kimambwe chake na Kifipa chetu ni kama mtu na mdogo wake, hivyo hakuna kilichompita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniwekea beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Aliisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kucheka, jambo lililonitisha. Kisha akaniuliza swali moja.

"Baba, yule aliyekuazima viatu, ana taarifa kwamba umefika?"

Nikasema hapana.

"Jina lake nani?"

Sikuwahi kumwuliza.

"Haya," akasema. "Umewakana wanaoijua njaa yako, kwa ajili ya mtu usiyemjua hata jina. Hizo kucha zitaota tena. Watu hawaoti."

Akanyanyuka kwenda kugeuza dagaa zake. Mpaka leo sijapata karipio fupi kuliko lile, wala lililoniingia zaidi.

Tulirudi kwa boti ya mizigo mpaka Kasanga, kisha kwa lori kuupanda uwanda wetu wa juu. Kasense walikuwa wanatungoja, mama yangu amepika togwa, watoto wanapiga makopo. Mtu akauliza, je, imekuwaje huko? Nilimtazama Salumu, maana habari yote alikuwa nayo yeye. Akasema, "Amemaliza," akaliacha hapo. Angetaka, angenimaliza mimi. Ndiyo maana niliisimulia mwenyewe, Jumapili iliyofuata baada ya misa, pamoja na mbuzi, wakacheka mpaka padri akatoka kuuliza kuna nini. Salumu sasa ni mzee mwenye goti bovu, na tunaamkiana kila Ijumaa akitoka msikitini.

Basi, wewe unayejiandaa kwenda nchi za watu, iwe kwa mbio, kwa masomo au kwa biashara, sikia. Hakuna anayefika mbali kwa miguu yake tu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyo umjue kabla ya dhiki. Ukiwa kati ya watu wanaong'aa, halafu watu wako wakatokea na nguo zao za vumbi na sauti mbaya, wewe ndiye uwe wa kwanza kunyoosha mkono na kusema, hawa ni wangu. Liseme neno hilo kwa lugha yoyote watakayoielewa walio karibu. Na kama umekwisha kulisema vibaya, rudi ulisahihishe siku hiyo hiyo, hata kama ni mbele ya wabeba mihogo. Aibu ya kuomba radhi ni ya kilomita moja. Aibu ya kutoomba haina mwisho wa njia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pumzi ya kupanda na magoti ya kushuka. Akuzungushie watu wa kweli, na wewe akujalie kuwa mtu wa kweli kwao. Uende ukiimbiwa, urudi ukipokelewa. Amina.