Mpini Wenye Rangi Nyekundu

Wiki iliyopita nilirudi Bukoto, mtaa wa Kampala, kuhamisha vitu vya bibi. Mwenye nyumba ametuvumilia tangu mazishi, na sasa anakitaka chumba chake. Chini kabisa ya sanduku la nguo, ndani ya kipande cha kitenge, nikakikuta kile kisu cha kipepeo. Nikakaa pale pale sakafuni, nisijue nilie au niendelee kukunja nguo.

Kama hujawahi kukiona, ndugu yangu, ni kisu chenye mipini miwili ya chuma inayofunguka na kujifunga kama mabawa, na ubapa umelala katikati. Anayekijua hukizungusha kwa vidole, kikawa kinalia kwa mdundo. Kaka yangu alikijua. Alikipata kwenye soko la Kikuubo, alikobeba mizigo siku za Jumamosi. Alikuwa na miaka kumi na saba, mimi tisa. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo na bibi, ambaye tulimwita koko, na chumba kimoja kilitutosha sote watatu.

Usidhani alikuwa mhuni. Kaka alipiga gitaa katika kwaya ya Wakongo wenzetu, na alivitunza vidole vyake kama wengine wanavyotunza viatu vya Jumapili. Ndiyo maana alijiwekea masharti. Ubapa wote aliuzungushia tepu nyeusi ya fundi umeme, ikazunguka mara nyingi hadi ukanenepa, na akaapa kutoibandua mpaka mkono uzoee. Alifanyia mazoezi juu ya godoro, miguu ikiwa mbali. Kikimponyoka hakukidaka. Nami aliniruhusu kukizungusha hivyo hivyo, na kila nilipotaka kukidaka alinipiga kikofi cha mchezo.

"Kikianguka, uache kianguke," alisema. "Godoro haina vidole."

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa la mpini. Ile mipini miwili ilifanana kama pacha, lakini mmoja ulikaa upande wa mgongo wa kisu, na mwingine upande wa makali. Ukishika ule wa mgongo, ubapa ukirudi unakugonga tu. Ukishika wa makali, unakukata. Basi kaka akaomba rangi ya kucha kwa jirani yetu, mama mmoja Mkenya aliyesuka watu nywele kibarazani, akaupaka mpini salama mstari mwekundu. "Ukiona nyekundu iko mu kiganja, zungusha. Usipoiona, weka chini uende ukale."

Na kula kulikuwapo. Bado nausikia mchi wa koko ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, asubuhi za Jumamosi, na sigiri ya makaa ikitoa cheche mlangoni. Nanusa ndagala, dagaa wa kwetu, akizikaanga hadi jirani anakohoa na kulalamika, kisha analeta sahani yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchagua mawe kwenye maharage, na kukitunza kisu chini ya godoro kaka akiwa kazini. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyojivunia.

Jumamosi moja koko alianika godoro, akakikuta. Kilikuwa kimefungwa, kipande cha chuma tu chenye alama nyekundu. Koko alikuwa ameona mengi huko tulikotoka, na kwake nyekundu juu ya chuma ilikuwa ni kitu kimoja. "Damu haitalala mu nyumba yangu," alisema, akakisugua kwa majivu na stiliwaya ya sufuria mpaka kikang'aa. Kisha akanirudishia, akaenda kuangalia sombe yake.

Nilishikwa na hofu. Kaka angejua kwamba sikukitunza. Nikakimbilia kwa jirani, nikaomba kile kichupa cha rangi, nikajificha nyuma ya mapipa ya maji. Nilikifungua kisu, lakini ubapa wote ulikuwa umevikwa tepu, mgongo na makali havitofautiani. Ningeibandua kidogo tu ningeona. Ila kaka alikuwa amenikataza kuigusa tepu, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Nikachagua mpini mmoja, nikaupaka. Kidole gumba changu kikapata rangi, nikakibonyeza kwenye kitenge cha koko kilichoanikwa kambani, ila haikutoka yote.

Kesho yake baada ya ibada, kaka alikuja na wenzake wa kwaya. Aliona siku yake imefika. Akabandua tepu taratibu, akasimama mbele ya godoro, akaitazama ile nyekundu, akaiweka kiganjani. Kisu alikizungusha kwa mkono wa kushoto, na huo ndio unaobana nyuzi za gitaa. Mzunguko wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ulimkata vidole viwili hadi kwenye mishipa. Hakujaribu kukidaka. Kilianguka godoroni kama alivyotufundisha.

Walimfunga kwa shuka wakamkimbiza hospitali. Aliporudi jioni, uso wake umesawijika, swali lake lilikuwa moja: nani ameipaka ile rangi?

Nilikuwa nimekaa karibu na koko. Akakitazama kidole changu gumba. Kisha, bila kugeuza uso, akaufunika mkono wangu kwa pindo la kitenge chake.

"Ni miye," alisema. "Nilisugua, kisha nikapakaa tena. Macho yangu inanidanganya sasa."

Nami nikaukunja mkono, nikauacha pale. Mkono wangu ulikuwa na joto chini ya kile kitenge.

Vidole havikukunjika tena. Gitaa lilikaa ukutani, halafu likauzwa. Kaka hakumtukana koko, alifanya baya zaidi: aliacha kula chakula chake. Mwaka mzima koko alimwekea sahani, na mwaka mzima sahani ile ilirudi na ubaridi wake. Kaka alipopata nafasi ya kuhamia Kanada, alimuaga koko kwa kumpa mkono tu, ule wa kulia. Koko alisimama mlangoni mpaka vumbi la gari likatulia, kisha akaingia kuosha vyombo.

Jioni ile nilipokipata kisu nilimpigia simu, nikamweleza yote.

"Koko alijua?" akauliza.

"Alijua, yaya," nikasema, kama nilivyomwita kaka tangu utotoni. "Aliona kidole changu."

Nikamsikia analia, mtu mzima mwenye watoto. Kuhusu vidole hakusema neno. Aliuliza kama koko aliendelea kupika sombe nami nilipohama akabaki peke yake, nikamwambia ndiyo, kila Jumamosi, na siku zote alipakua sahani tatu.

"Mbona hukuniambia akiwa hai?"

Chumba sasa ni kitupu, kinu nimempa yule jirani Mkenya, naye amezeeka hasuki tena. Kile kipande cha kitenge nilikifua nikakianika; ni kile kile alichonifunikia mkono, na kwenye pindo lake kuna alama ndogo nyekundu ya kidole gumba cha mtoto, ambayo koko, aliyesugua kila kitu, hakuwahi kuisugua.