Aliyeniomba Sauti Nzito

Najua utasema jua la Lodwar limenipiga kichwa. Sema tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyuma ya nyumba yangu, na sijatia chumvi.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, lakini starehe yangu ni kuunda magitaa ya besi. Wenzangu wakiona kitanda cha mbao ngumu kimevunjika wanaona kuni, mimi naona gitaa. Na kwenye besi, roho yangu iko kwa ule uzi mnene kuliko yote. Ukiupiga, hata kifua kinaitika. Niamini, kwa sauti ile ningesahau chakula.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimemaliza besi ya rafiki yangu Deng, Msudani Kusini anayepiga muziki kanisani kule Kakuma. Jua lilikuwa linazama, nami niko uani naijaribu kwa spika. Kuinua macho, mtu amesimama ndani ya ua. Lango lilikuwa limefungwa kwa komeo. Mbwa wangu hakubweka, alijikunyata chini ya tangi.

Alikuwa mzee mrefu, shuka begani, kigoda cha kulazia kichwa mkononi.

"Ejok," akanisalimia.

Mtu mzima yule alikuwa na sauti nyembamba kama ya mbu.

"Ejok, mzee," nikajikaza.

"Hii sauti ni mzuri. Nipe."

"Nikupe gitaa?"

"Gitaa kaa nayo. Mimi nataka sauti. Hii kubwa."

Sasa, kama hujaishi kwetu, jua kwamba Turkana kuomba si aibu. Mtu atakuomba tumbaku, atakuomba viatu ulivyovaa, na ukimnyima waziwazi unaitwa mchoyo. Tumezoea kumalizana kwa mzaha. Tena nilikuwa naogopa, nataka aende zake. Ningejuaje?

"Chukua, mzee," nikasema. "Chukua yote."

Akaweka kiganja juu ya uzi mnene. Baridi ikanipita masikioni, kwa joto lile la Lodwar. Kisha akanishukuru, nadhani. Midomo ilicheza, mabati ya choo yakatetemeka, mbwa akaruka ua na kutoroka. Mimi sikusikia kitu.

Alipotoweka nikaupiga ule uzi. Niliuona ukitikisika. Kimya. Nyuzi nyembamba zililia kama kawaida.

Kesho yake Deng aliipiga besi ile, kanisa zima likacheza, wakinipongeza kwa makofi. Nilitabasamu huku nataka kulia. Daktari alinipima, akasema masikio yangu ni mazima. Lakini radi kwangu ni mwanga tu, na lori hunifikia mgongoni bila mlio.

Hayo ningeyavumilia. Lakini baba yangu, aliyeishi kule Kerio, alikuwa na sauti nzito kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alipozidiwa na ugonjwa alinishika mkono, tukiwa wawili tu, akazungumza kwa muda mrefu. Nilitazama midomo yake na kuitikia kwa kichwa, kwa sababu niliona vibaya kumwambia arudie. Asubuhi akafariki. Ndugu zangu bado huniuliza mzee aliagiza nini.

Kwa hiyo wewe, ukiombwa kitu usichojua kinatolewaje, usiseme chukua. Hata kwa mzaha, usiseme.