Joto Lililofungiwa Chini ya Sponji

Gari letu lilitoka Japani likiwa limeshatumika, likashuka Mombasa, likavuka Uganda na kuingilia Bunagana, enzi zile ambapo mpaka ulikuwa bado unapitika bila kumwomba mwasi ruhusa. Lilikuwa la aina inayotumia petroli na umeme pia. Jioni unalichomeka ukutani kama simu, asubuhi linatoka kimya kimya, na injini haiamki mpaka betri ichoke. Mume wangu, mtu wa asili ya Maniema anayeuza matairi, alilipenda kupita kiasi. Kulichomeka, hata hivyo, ilikuwa kazi yangu. Kila umeme ulipokuwepo nilipitisha waya dirishani mwa jikoni, nikinung'unika, kwa sababu yeye alisahau daima.

Kati ya vitufe vyake kulikuwa na kimoja chenye picha ya kiti kinachofuka mvuke kama sufuria ya ugali. Ukikibonyeza, kiti cha mbele kinapata joto. Mtaa mzima ulicheka. Jirani mmoja alimwuliza mume wangu, "Papa, ulinunua gari ao mbabula?" Mbabula kwetu ni jiko la makaa. Goma ina baridi yake, hasa mvua ikishuka kutoka upande wa volkano, lakini nani aliyewahi kuomba kupashwa makalio? Nilikibonyeza mara moja wiki ile ya kwanza, nikaruka nikidhani kuna kitu kinaungua.

Kisha mume wangu akafanya kile ambacho kila mwanamume wa Goma hufanya akipata gari: akalipeleka kwa fundi cherehani livalishwe viti. Ngozi ya bandia nyekundu juu, sponji nene ya godoro ndani, ikashonwa na kukazwa mpaka viti vikanenepa. Kwetu gari lisilovalishwa ni kama bibi harusi aliyetoka nje na kitenge cha kupikia. Tangu siku hiyo zikaanza amri. Marufuku kula ndani ya gari. Marufuku kukaa na nguo mbichi. Mimi mwenyewe, mke wake wa ndoa, niliwahi kushushwa kwa sababu ya kikapu cha samaki. Na kile kitufe kikawa pambo tu: ukibonyeza, taa inawaka, lakini husikii joto lolote. Mume wangu akasema mashine ya joto imekufa, na hakuna aliyeililia.

Volkano ilipolipuka, lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama ukingoni mwa mji. Nilikuwa nimeshaona mlipuko mwingine kabla ya huo, na waasi wa kila namna, kwa hiyo kufunga mabegi nilikuwa nimezoea. Safari hii sikufikiria mabegi. Binti yetu alikuwa hospitalini, amejifungua kabla ya wakati, na mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba niliogopa kumshika. Alilazwa katika chumba chenye joto maalumu. Ardhi iliendelea kutetemeka, na asubuhi moja ikatangazwa kwamba watu wahame mji.

Hospitali ikamwagika barabarani. Muuguzi alimfunga mtoto kifuani mwa binti yangu, ngozi kwa ngozi, akaniangalia mimi, si yeye.

"Mama, huyu mutoto asipate baridi. Ata kidogo."

Nje mvua ilikuwa inapiga. Magari yalikuwa yamejazana na letu halikuweza kufika langoni, basi tulitembea. Tulipolifikia, binti yangu alikuwa amelowa mpaka mifupani. Nilimwona mume wangu akiitazama ile nguo inayochuruzika, kisha akitazama kiti chake chekundu. Akafungua mlango wa mbele na kumkalisha pale. Nilimpenda upya.

Nikapanda nyuma, tukashika njia ya Sake pamoja na mji mzima: malori, pikipiki, vikongwe juu ya chukudu, ile mikokoteni yetu ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea viazi. Mbele kidogo msafara ukakwama kabisa. Mume wangu alitaka kuegesha kwenye bonde dogo kando ya barabara, penye kificho cha upepo, lakini mama mmoja wa pale akatupungia mikono. "Apana, papa! Kule kuko mazuku!" Alisema kweli. Mazuku ni hewa ya volkano, nzito, haina rangi, inakaa mabondeni na kuua watu bila kelele. Penye kificho ndipo inapolala. Tukapanda kwenye mwinuko, upepo ukatupiga ubavuni.

Binti yangu akaanza kutetemeka. Nilimvua blauzi, nikamfunga kitenge kikavu, lakini mwili wake wenyewe ulikuwa umepoa, na ndio uliokuwa blanketi la mtoto.

"Mama, anakataa kunyonya," akasema. "Na miguu iko baridi."

Nikaishika ile miguu, miwili ndani ya vidole vyangu viwili. Ilikuwa baridi kama kijiko. Sijawahi kuogopa hivyo, hata lava ilipogeuza mbingu kuwa nyekundu.

Mume wangu akawasha hewa ya moto. Gari letu lina tabia moja: ukitaka hewa ya moto, injini inaamka. Ikaamka, ikatoa moshi nyuma, na nyuma kulikuwa na wanawake na watoto waliojikinga upepo kwa mgongo wa gari letu. Wakagonga bati. "Papa, zima! Moshi inaingia batoto!" Akazima. Huwezi kumpasha mtoto wako moto kwa kuwakosesha hewa wa wenzako.

Nikabonyeza kitufe cha mvuke.

"Ile kitu ilikufaka zamani," akasema mume wangu.

Taa iliwaka. Binti yangu akatikisa kichwa, hakusikia kitu. Sijui ni ubishi wangu au ni Mungu, nikaingiza mkono nyuma ya kiti, pale kifuniko kilipoachia mwanya mdogo, nikausukuma chini ya sponji mpaka kiwiko. Mle ndani palikuwa na joto kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

"Papa, joto iko!" nikapiga kelele. "Iko humu ndani! Ni sponji yako njo inaifunga!"

Betri ilikuwa imejaa, niliichomeka jana yake umeme uliporudi mtaani. Kisu cha jikoni kilikuwa kwenye sufuria niliyokuwa nikimpelekea binti yangu chakula hospitalini, pale miguuni mwangu. Nilikichomoa nikiwa tayari kugombana. Mume wangu akaninyang'anya.

"Toka kidogo, mama," akamwambia binti yake, kwa sauti ya upole.

Akakata. Alianzia kwenye mgongo wa kiti, akashuka mpaka chini, mishono yote ya fahari ile ikapasuka, akang'oa sponji kwa vipande na kuitupa mvuani. Binti yangu akakaa. Akafumba macho. Baada ya muda meno yake yakaacha kugongana, mabega yakashuka. Injini ilikuwa kimya, hakuna moshi, na wanawake wa nyuma hawakujua hata kidogo kwamba kuna moto ndani. Mume wangu alikuwa ameishika miguu ya mtoto, hakutaka kuiachia.

"Iko inapata moto," akasema. Kisha tukasikia kule kunyonya, kudogo, kwa pupa. Mume wangu akasema Alhamdulillah na akalia mbele yetu bila kujificha, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba shingoni.

Tulifika Sake, na baadaye tulirudi nyumbani sote. Waasi walipokuja kukaa Bunagana, bidhaa zilipungua sokoni, hata ngozi ya bandia. Zilipoonekana tena, fundi cherehani alimsimamisha mume wangu.

"Papa, lete gari nishone kile kiti. Inaleta haya."

"Shona zingine," mume wangu akajibu. "Kile, apana."

Mjukuu wetu alikuwa amekaa papo hapo, kwenye kiti kilichochanwa, akila andazi, makombo yakimwagika kila mahali. Kulikuwa na manyunyu. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Mume wangu alimvua kiatu kimoja, akaushika unyayo wake, akaendelea kuongea na fundi bila kuuachia.