Mponyaji wa Mlangoni

Tangu chuo kifungwe, vita vilipoingia Bukavu, Maman Micheline hakuwa na wanafunzi wengine ila vijana watatu wa mtaa wake wa Kasha, na hao aliwafundisha mchezo wa simu. Wanne hao, kila mtu akiwa nyumbani kwake, waliingia pangoni kupigana na joka, yeye akiwa mponyaji. Joka likinguruma, ilibidi wote wasimame karibu naye awakinge kwa mwanga wake. Vijana walikimbia mbali naye, wakafa mmoja mmoja.

"Mukuje kwangu, batoto," alisema kwa sauti iliyochoka.

"Maman, kitu kikilia vile, mutu anakimbia tu," Carmel alijitetea.

"Dany alikimbia wa kwanza," Akonkwa akasema. "Huyu hata radi ikipiga, yeye iko chini ya kitanda."

"Na wewe ulikuwa wapi? Juu yangu," Dany akamrudishia.

Micheline alicheka kidogo. Alikuwa ameamua kwamba wakishindwa tena ataacha. Alichoka kuona watu wakianguka, hata mchezoni.

Wakaingia tena. Safari hii hakuwaita, alikwenda kusimama penye mlango wa pango, uliokuwa umejifunga nyuma yao. Joka liliponguruma, wote watatu walikimbilia hapohapo, wakajikuta ndani ya mwanga wake, wazima. Waliliua joka.

"Maman, ulijua aje tutakimbilia hapa?" Carmel aliuliza.

"Hata miye, nikiingia pahali, naangaliaka kwanza mulango."

Akawaambia wapumzike, kesho wataingia pango lingine.