Pelagia Anayechomoa Waya

Mtu asiyemjua Pelagia akiingia dukani kwake siku ya kwanza anaweza kugeuza mlangoni. Anamkuta mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, anachapa barua kwenye kompyuta kuukuu kwa utulivu kabisa. Halafu, bila kumwambia mtu, anainama chini ya meza na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Kioo kinazimika. Yeye anakunywa chai funda moja, anarudisha waya, anawasha, na kukaa amekunja mikono kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Hana wazimu. Anajaribu programu.

Duka lenyewe ni la steshenari, mtaa wa pili kutoka stesheni ya reli pale Mpanda, kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya bajaji. Anatoa kopi, anachapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi. Lakini wengi wanamfuata kwa jambo jingine: anajua ni programu gani ya kompyuta iliyo nzuri na ambayo aliyeitengeneza ameitoa bure, kwa halali, si ya wizi. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Bure. Jina hilo alipewa na Danford wa duka la ng'ambo ya barabara, kwa kumcheka, na yeye akalipokea likamkaa vizuri kama kitenge.

Zamani naye alikuwa kama wenzake wote. Alitumia programu za flashi, zile zilizovunjwa kufuli huko mbali na kupita mkono kwa mkono mpaka Katavi. Mwaka mmoja alikuwa anachapa mitihani ya shule, darasa zima la saba linasubiri, programu ikamwandikia kwamba leseni si halali na ikajifunga. Siku ileile virusi vya flashi vikamgeuzia mafaili yote kuwa vivuli. Unabofya, hakuna kitu. Alikaa nyuma ya duka akalia. Mtawa mmoja aliyekuja kutoa kopi, Sista Faith, akamkuta hivyo, akamweleza kwamba duniani kuna watu wanatengeneza programu na kuziacha wazi, kila mtu azitumie. Pelagia alifuta machozi akauliza wanataka nini. Sista akasema hawataki kitu. Labda ukiona kosa, uwaambie.

Hakuamini. Alichukua mwezi mzima kuichunguza ile ya kwanza, LibreOffice, kama mtu anavyomchunguza mkwe. Tangu hapo akaweka utaratibu wake. Kila programu mpya hulala kwenye kompyuta kuukuu, ile aliyoipa jina la Bibi, kwa mwezi mmoja. Ikidai intaneti kila saa, hapana, maana bando halina ukoo na mtu. Ikimwomba namba ya kadi ya benki kabla hata haijamsalimia, anaifuta papo hapo. Ikipita hapo ndipo anachomoa waya. Umeme wa kwetu una tabia zake, na programu isiyokumbuka ulichokuwa unafanya taa zilipozimika, hata iwe nzuri namna gani, haifai kuishi Mpanda. Ikirudi na kazi yote, anaiandika kwenye daftari lake la jalada gumu, na kesho yake anaanza kuisifia.

Hivyo ndivyo Salima mwenye nyumba ya wageni alivyopata barua zenye nembo. Hivyo ndivyo pia mzee Ambrosi, mfuga nyuki wa Ugalla, alivyopata lebo ya asali yenye alama ya ukoo wao. Ambrosi aliambiwa alete alama hiyo ichorwe kwa programu ya Inkscape. Kwa kuwa alama yenyewe babu yake aliichonga kwenye mzinga, alileta mzinga wenyewe, gogo zima juu ya bodaboda, pamoja na nyuki watatu ambao hawakuwa wamepewa taarifa ya safari. Wateja walitoka wote. Pelagia alichora akiwa amejifunga khanga usoni, na lebo ikatoka safi.

Sasa, ilikuwa mwezi wa tatu, mvua bado zinanyesha, Mwalimu Kassiani alipoingia dukani na daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

Mwalimu Kassiani amefundisha kwaya maisha yake yote. Miaka tisa iliyopita, msingi wa kanisa la Kakese, kijiji cha wakulima nje ya mji, ulipochimbwa, alitunga wimbo wa kulitabaruku, sauti nne kamili. Kanisa likajengwa kidogo kidogo kama yanavyojengwa makanisa yetu; kila mwaka likakosa kitu, mara bati, mara milango. Kila mwaka Mwalimu aliufanyia wimbo mazoezi mjini na waimbaji aliokuwa nao, wengi wao wanaume. Sauti ya kwanza na ya pili, ambazo nguvu yake iko kwa akina mama wa Kakese, hazikuwahi kuusoma. Kwa hiyo wimbo wake mkubwa kuliko zote alikuwa hajawahi kuusikia mzima. Aliusikia kichwani tu, na kichwa chenyewe, alisema, sasa kinazeeka.

Mwaka huu askofu alikuwa ametoa tarehe. Jumapili moja ya mwezi wa tano. Na mwezi wa tano, Kakese nzima iko mashambani inaamia ndege, yaani inawafukuza, maana mpunga ndio unakomaa na ndege wale wadogo wakishuka kundi zima, shamba la mtu linabaki mabua. Nani ataacha dungu lake, kile kichanja cha kulindia shamba, aje mazoezini mjini?

Danford, ambaye ni mwimbaji wa sauti ya tatu, alikuwa amejaribu kusaidia. Alimwekea Mwalimu programu ya nota kutoka kwenye flashi zake. Walihangaika nayo wiki mbili, kisha ikaanza kuchapa neno la majaribio katikati ya kila ukurasa, na siku tatu baadaye ikakataa kufunguka.

"Mwanangu," Mwalimu alimwambia Pelagia, "nataka niusikie mara moja tu. Hao wenye vitu vya bure, hawana cha muziki?"

Pelagia hakujua nota hata moja. Alitafuta, akauliza, akaipata inayoitwa MuseScore, akailaza kwa Bibi. Mwezi mzima hakuwa nao, akaipa siku tisa. Alipochomoa waya Mwalimu akiwepo, mzee alishika moyo. Waya uliporudi, programu iliuliza kwa adabu kama wangependa kuendelea pale walipoishia.

"Hii imelelewa," alisema Mwalimu.

Basi wakaanza. Kila asubuhi mzee anasoma daftari, Pelagia anaweka nota moja moja, kama mtu anayepanda mbegu kwa kidole. Siku walipomaliza, akabonyeza, na Bibi akaimba sauti zote nne kwa ile sauti yake ya bati. Mwalimu alisikiliza kichwa kimeinama. Akasema ni yenyewe, ila haina watu ndani.

Watu walikuwa juu ya madungu. Hapo Pelagia akafikiri, akaitoa kila sauti peke yake, akaziweka kwenye memori kadi, akachapa karatasi za nota na maneno, akapanda bodaboda mpaka Kakese. Akina mama wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na kitochi kikiwa na kadi kinaimba kama simu kubwa. Akapita dungu kwa dungu. Eufrazia, kiongozi wa sauti ya pili, aliifunga simu shingoni kwa kamba ya katani, akaendelea kurusha mawe kwa kombeo huku anafuatisha. Wiki ya pili alimpigia Pelagia kumwambia kwamba wimbo unaingia vizuri, na tena ile sauti ya bati ndege wanaiogopa kuliko debe wanalopigiwa.

Pelagia alicheka, lakini usingizi wake ulipungua. Alikuwa amewaambia watu waiamini programu aliyoilaza siku tisa. Ikiharibu wimbo wa Mwalimu, nani atamsikiliza tena?

Alhamisi kabla ya tabaruku, waume na watoto wakashika makombeo, akina mama wa Kakese wakajazana kwenye bajaji tano na kuja ukumbini mjini kwa saa mbili tu, mazoezi ya kwanza na ya mwisho. Mwalimu alivaa koti. Akainua mkono. Wimbo ukaanza, jamani, ukapanda vizuri mpaka mtu akasikia nywele zinasimama. Wakafika penye maneno "fungueni malango," na hapo mambo yakaharibika. Watu wa mjini wote wakasimama kimya. Watu wa Kakese wakapita. Ilikuwa kama mabasi mawili, moja limesimama kushusha abiria, jingine limepitiliza moja kwa moja.

Wakarudia. Hivyohivyo. Mara ya tatu, hivyohivyo.

"Dada Pelagia," alisema Danford, "mashine yako ya bure imewafundisha wenzetu mbio."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma. Eufrazia akageuka, mkono kiunoni.

"Nyie wa mjini mnasimama kumsubiri nani?"

Wa mjini wakatazamana. Wakasema hapo wanasimama. Siku zote hapo wanasimama. Ndivyo walivyofundishwa.

Pelagia alifungua daftari la Mwalimu. Pale penye malango hapakuwa na alama ya kusimama. Akatazama karatasi alizochapa. Hamna. Mwalimu naye akaweka miwani, akasoma, akasema kweli, hajaandika kusimama hapo, na yeye mwenyewe haelewi. Saa ilikuwa inakwenda. Bajaji zimeshawashwa nje.

Sasa Pelagia akafanya kile anachokijua. Jambo usilolielewa, unalirudia na unalitazama. Akamwomba Mwalimu aongoze mara moja tena, na safari hii hakusikiliza kabisa. Alimtazama mzee tu, mikono yake, kama anavyotazama kioo baada ya kurudisha waya.

Mkono wa kulia ulikuwa unapiga mapigo. Walipokaribia malango, mkono wa kushoto ukaingia mfuko wa koti polepole, ukatoka na kibati cha ugoro. Mapigo yakasita. Kidole kikachota, kikapanda puani, kichwa kikarudi nyuma, mzee akavuta. Kisha mapigo yakaendelea, na kwaya ya mjini ikaendelea nayo.

Pelagia hakutaka kumuaibisha mbele za watu. Alimsogelea akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, hicho kibati, naomba nikutunzie."

Mzee akatazama kibati mkononi kama hajui kimefikaje. Akatazama daftari. Akatazama kwaya yake. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

"Miaka tisa," alisema, "mmekuwa mnasubiri pua yangu?"

"Sisi tulijua ndio utaalamu wenyewe," akajibu Danford, na hapo ukumbi mzima ukaanguka. Eufrazia alikaa chini sakafuni akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Wenye bajaji waliingia kuuliza kuna nini.

Walipotulia, Pelagia alisema anaweza kuiweka alama ya kusimama, programu inayo, ni kubofya mara moja tu. Wa Kakese watajifunza kwa siku mbili. Mwalimu akakataa. Alisema wimbo aliuandika yeye, pua haikuandika. Wa mjini ndio wajifunze kupita.

Basi Ijumaa asubuhi, kabla Pelagia hajamaliza kufagia, wa kwanza mlangoni alikuwa Danford, flashi mkononi, anataka sauti ya tatu. Pelagia akamwambia flashi yake ibaki nje kama viatu msikitini. Atamtumia kwa simu. Danford akaiacha kizingitini. Siku mbili hizo, mtaa ule wa stesheni ulisikia wanaume wazima wanapima suruali, wanafunga nati za bajaji, simu mfukoni zinaimba kwa sauti ya bati, na kila wakifika malangoni mtu anajipiga paja ili apite.

Jumapili kanisa la Kakese lilijaa mpaka nje. Kwa mbali, mashambani, kulisikika madebe ya waliobaki na ndege. Pelagia alisimama karibu na nguzo, kibati cha ugoro ndani ya mkoba wake. Askofu alipomaliza kuipaka altare mafuta, Mwalimu Kassiani akainua mkono.

Walipokaribia malango, Pelagia aliona mkono wa kushoto unateremka wenyewe kwenda mfukoni. Ukaingia. Ukapapasa. Pelagia akaubana mkoba kwapani. Danford alikuwa amefumba macho, na paja lake limeshapigwa.

Mkono ukatoka mtupu. Mzee akautazama kidogo, akatabasamu, akauinua juu sawa na ule wa kulia, na sauti zote nne zikapita malangoni kwa pamoja, wa Kakese na wa mjini, bila kusimama. Bati jipya lilitetemeka. Mwalimu hakuwa anaongoza tena. Alikuwa amesimama mikono hewani, anausikiliza wimbo wake, na mashavu yamelowa.

Baadaye nje, penye sufuria za wali, alimjia Pelagia na kunyoosha kiganja. Akapewa kibati. Akavuta kwa raha zake, akapiga chafya moja kubwa, na kwaya nzima iliyokuwa inakula ikanyamaza, vijiko hewani, ikimsubiri.

"Endeleeni," alisema.

Danford alimsogelea Pelagia na sahani yake, akaanza kuzungusha maneno, akauliza kama lile daftari la jalada gumu lina programu ya duka kama la kwake, na kama anaweza kuleta kompyuta Jumatatu.

"Ilete," Pelagia alimwambia. "Ila nitaichomoa waya."